Feni za Sebuleni na Sauti ya Baba

Baba aliporudi kutoka Mbeya alikofanyiwa upasuaji wa koo, alirudi na sauti ya mnong'ono. Haukuwa mnong'ono wa mtu anayeficha jambo. Ndiyo sauti yote aliyobaki nayo. Daktari alimwambia asiilazimishe, na asipande kurudi kwake Mwese mpaka amalize kliniki, maana mvua zikianza barabara ya kule milimani inamzuia hata mzima, sembuse mgonjwa. Kwa hiyo akakaa Mpanda mjini, kwangu, mtaa wa Kawajense.

Kwamba akae kwangu halikuwa jambo la mjadala. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nyumba yangu ina choo cha ndani, na mume wangu ni dereva wa malori ambaye muda mwingi yuko njiani, kwa hiyo chumba kilikuwapo. Mdogo wangu wa kiume, ambaye tumebaki naye wawili tu wa kumwangalia baba tangu mama afariki, anaishi nyumba chache kutoka kwangu katika vyumba viwili. Kimoja analala, kingine amekifanya studio ya kurekodia kwaya na matangazo. Alikuja na begi la baba begani akaliweka kwenye kochi langu, akasema, "Dada, hapa ndipo penyewe." Nikajisikia vizuri. Niliona kama nimekabidhiwa kitu ambacho yeye hawezi kukitunza.

Wiki za kwanza nilimtunza baba kwa bidii kubwa. Nilimpikia uji wa ulezi, nikauchuja mara mbili usimkwaruze. Nilimkandia mabega. Jioni nilimwekea kiti pale sebuleni, karibu na meza yangu ya kazi, nikitegemea kwamba tutakaa tuongee kama watu wanavyoongea na wazazi wao wanapopata nafasi ambayo kwa miaka mingi haikupatikana.

Ila pale sebuleni palikuwa na kompyuta yangu.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, nyimbo za Kisukuma zenye wachezaji wengi waliovaa sare. Watu wa kamera wanapiga picha, wananiletea, mimi nakata na kuunganisha. Hatua ya mwisho, ile ya kuitoa video ikiwa kamili, kompyuta huifanya peke yake kwa saa nyingi, na hapo ndipo inapochemka. Ile yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Miezi ya joto, kabla ya mvua, ilikuwa inajizima katikati ya kazi, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari. Fundi mmoja mjini aliniambia, "Ongeza feni tu, mama." Nikaongeza. Nikaona bado, nikaongeza nyingine. Nilizifunga mwenyewe, maana bisibisi naiweza, na sikuona ugumu wowote: feni kazi yake ni kupuliza, kwa hiyo zote nilizielekeza zipulize ndani, kwenye kile chuma chenye joto. Mbele, juu, nyuma, ubavuni. Halafu nikaliacha kasha wazi upande mmoja, nikalisukumia ndani ya kabati la televisheni ili watoto wa jirani wasiliguse.

Mlio wake ulikuwa kama wa mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili. Mimi nilishauzoea. Nilivaa spika za masikioni nikafanya kazi, na wageni walipokuja tulipandisha sauti tukaendelea na stori zetu.

Baba hakuweza kupandisha sauti.

Alikuwa anafungua mdomo, naona midomo inacheza, nami natoa spika masikioni. "Unasemaje baba?" Anarudia. Nasogea. "Eeh?" Anarudia tena, mishipa ya shingo imemtoka, halafu anapunga mkono, yaani basi, acha, halikuwa jambo la maana. Siku moja nilimuuliza kitu kwa makusudi ili nimvute tuongee. Zamani aliwahi kulima tumbaku, na nyuma ya nyumba tulikuwa na bani la kukaushia majani. Nikamwambia, "Baba, kwenye bani letu hewa ilikuwa inaingilia wapi na kutokea wapi? Naona hii kompyuta yangu nayo imekuwa bani." Alicheka, nikaona macho yake yamechangamka. Akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono, akaonyesha chini, akaonyesha juu, akageuza kiganja, na midomo yake ikaenda kwa muda mrefu. Sikuambulia hata neno moja. Nilitikisa kichwa kama niliyesikia. Akajua sikusikia. Akachukua fimbo yake, akatoka.

Alienda kwa mdogo wangu.

Mwanzoni sikuliona kama jambo. Mzee amechoka kukaa, anyooshe miguu. Lakini kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, na baada ya muda ikawa ndiyo ratiba: anakunywa uji wangu, anameza dawa ninazompimia mimi, anavaa shati nililolipiga pasi mimi, kisha huyo, anaelekea studio. Anarudi jua linapozama, amechangamka, anakula chakula changu kimya, analala. Nikimuuliza, "Huko mnaongea nini?" ananyanyua mabega.

Jirani yangu mmoja aliniambia bila nia mbaya, "Baba yako anampenda yule kijana wake, jamani. Nimepita dirishani nimemkuta anamsimulia mambo, kijana anacheka mpaka anajishika tumbo." Nilimjibu kwamba baba anatupenda wote. Nikaingia ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kuna siku baba alisahau dawa ya mchana. Nilifurahi alivyoisahau, nakiri, maana ilinipa sababu ya kwenda. Nikaiweka kwenye mkoba na chupa ya maji ya uvuguvugu, nikatembea mpaka kwa mdogo wangu. Mlango wa studio ulikuwa umeegeshwa. Ndani kuna magodoro yamebandikwa ukutani, pazia zito, na kimya ambacho kilinishangaza kabla sijaelewa kinatoka wapi. Kompyuta yake ilikuwa imewashwa, taa yake nyekundu naiona, mistari ya sauti inacheza kwenye skrini, lakini ilikuwa haitoi mlio. Nilisikia saa ya ukutani. Nikasikia pumzi ya baba.

Na nikasikia kila neno lake.

Alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni, mgongo kwangu, mdogo wangu pembeni yake ameinamisha kichwa. Baba alikuwa anasimulia siku niliyozaliwa.

Nilisimama pale mlangoni. Alisema kwamba uchungu ulimshika mama wakiwa njiani wanashuka kutoka Mwese kwenda zahanati, mama amekaa nyuma ya baiskeli, yeye anaisukuma kwenye matope. Mvua ikawakamata. Wakaona boma la wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wamehamia karibuni na ng'ombe wao, watu wasiowajua kabisa. Yule mama mwenye boma alimtazama mama yangu mara moja tu, akawatoa ndama nje ya nyumba ili ipatikane nafasi, akatandika ngozi. Baba akataka kuingia, akazuiwa. Akakabidhiwa kamba ya ndama mmoja mkorofi, akaambiwa amshike asikimbie, basi. Akasimama kwenye mvua ameshika kamba, ndama anamvuta huku, yeye anamvuta kule, mpaka akasikia mtoto analia. Yule mama wa Kisukuma akatoka, akamnyang'anya kamba, akamwambia ni msichana. "Ndiyo maana," baba alisema kwa ule mnong'ono wake, "dada yako tukampa jina la yule mama."

Jina langu la pili. Jina ambalo kwetu hakuna mtu mwingine analo. Miaka yote nilidhani ni la bibi fulani wa ukoo aliyekufa zamani. Nilishawahi kumuuliza mama, akasema nitaambiwa nikikua. Nilikua, nikaolewa, mama akafa, na nikasahau kuuliza tena. Na sasa ameambiwa mdogo wangu, ambaye siku hiyo hata hajafikiriwa kuzaliwa.

Nikagonga mlango. Nikasema, "Dawa." Nikaiweka mezani. Baba aligeuka akatabasamu, akanionyesha kiti. Nikasema nina kazi. Nilikuwa nimeshafika njiani ndipo nikagundua nimeondoka na chupa ya maji.

Sijui wengine wivu unawakaa wapi. Mimi ulinikaa mikononi. Siku zile nilivunja kikombe, nikaunguza maharage, nikakata video ya harusi ya watu mahali pasipo pake, padri anasema "nawatangaza" halafu watu wanakula keki. Nilipokuwa nachuja uji nilikuwa najiambia: mimi nachuja uji, yeye anachuja maneno. Nilianza kumwekea baba vikwazo vidogo. Leo jua kali, baba. Leo kuna vumbi, litakuingia kooni. Ananisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza daktari, halafu anachukua fimbo.

Jioni moja nilimfuata mdogo wangu. Nilimkuta nje anaanika nguo.

"Umemfanya baba redio yako," nikamwambia.

Alishika shati lenye maji mikononi, hajui alitundike au aliache. "Dada, sijaelewa."

"Anakula kwangu, analala kwangu. Ukimtaka unamwekea maikrofoni."

"Simwiti. Anakuja mwenyewe."

"Na kwangu hasemi kitu!"

"Atasemaje?" akauliza, taratibu. "Dada, umeshawahi kukaa pale kwako ukaisikiliza ile mashine yako? Mimi mwenyewe nikija naumwa kichwa. Baba alinionyesha hivi," akaweka viganja masikioni. "Aliniambia: dada yako ana upepo mwingi ndani ya nyumba."

Nilidhani ananicheka. Labda alikuwa ananicheka kidogo. Akasema, "Nije nikupangie feni? Ni kazi ndogo tu. Zako nadhani zinapigana."

"Sitaki feni zako," nikasema. "Nilikufundisha kufunga kamba za viatu, leo utanifundisha feni?"

Nikaondoka. Nilipofika kwangu, sebule ilikuwa inavuma, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliisikia kweli. Ilikuwa inatisha.

Kesho yake baba alipotoka, nililivuta kasha kutoka kabatini. Nilikuwa nimeamua kwamba nitaifunga midomo ya hizo feni mwenyewe. Cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha hasira: nilichomoa nyaya za nusu ya feni. Kimya kikapatikana. Nikaketi nikajipongeza, nikaweka video ya sendofu itoke. Kabla haijafika popote kompyuta ikajizima, na nilipogusa bati la juu nilitoa mkono haraka kama niliyegusa sufuria.

Basi nikatulia. Nikachukua karatasi laini ya chooni, nikachana utepe mwembamba, nikawasha mashine na kuusogeza utepe mbele ya kila feni. Feni za mbele ziliuvuta: sawa, zinaingiza hewa. Za juu nazo zikauvuta. Ya nyuma ikauvuta. Ya ubavuni, vilevile. Niliizunguka ile mashine mara mbili nikitafuta mahali utepe utakaposukumwa nje, nikapakosa, isipokuwa pale ubavuni nilipoacha wazi, ambapo utepe ulitingishika tu bila kujua uende wapi. Hapo nikaelewa alichosema mdogo wangu kuhusu kupigana. Kila feni ilikuwa inasukuma hewa ndani, na hewa iliyoshapata joto haina mlango wa kutokea. Ilikuwa inazunguka mle mle. Mashine inaona joto linapanda, inaziamrisha feni zikimbie zaidi, zinakimbia, zinapiga kelele, na joto liko pale pale. Na kwa kuwa kasha lilikuwa ndani ya kabati, hata kile kidogo kilichotoka kilikuwa kinarudi.

Niliifungua yote. Vumbi jekundu la Mpanda lilikuwa limejaa kama unga, nikalitoa kwa brashi ya kupakia rangi. Feni ina pande mbili: upande ulio wazi, ambako hewa inaingilia, na upande wenye vile vyuma vinavyoshikilia katikati, ambako hewa inatokea. Kwa kufuata hilo nikaigeuza ya nyuma itoe hewa nje. Za juu zilikuwa mbili. Ile iliyo karibu na nyuma nikaigeuza, ile iliyo karibu na mbele nikaitoa kabisa, maana nilipojaribu na utepe niliona inainyakua hewa baridi iliyotoka mbele kabla haijafika kwenye kadi ya picha, ile inayochemka kuliko vyote. Ya ubavuni nikaiweka pembeni, nikarudisha ubavu wa kasha na kuufunga. Nyaya, ambazo zilikuwa zimejazana katikati kama tambi, nikazifunga kwa vibanio na kuzipitisha nyuma ya bati. Kasha nikaliweka juu ya stuli, mbali na ukuta.

Lilikuwa limepoa, hilo niliona. Video ya sendofu ilitoka mpaka mwisho. Lakini bado palikuwa na mlio, mwembamba, wa zile feni ndogo za mbele zinazolazimika kukimbia ili zivute hewa ya kutosha. Nilijua dawa yake: feni kubwa, zinazozunguka polepole. Mdogo wangu anazo za aina hiyo. Mjini nilizunguka maduka, nikaambiwa mpaka ziagizwe.

Jioni baba alirudi na mfuko wa plastiki mkononi. Akauweka mezani. Ndani kulikuwa na feni mbili kubwa, na vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa vizuri kwa mkasi.

"Kakupa," baba akasema, na safari hii nilimsikia, kwa taabu, lakini nilimsikia. Akaonyesha vile vipande vya tyubu, kisha akaweka kidole kwenye pembe ya feni: viwekwe hapa, kati ya feni na bati.

Ningepaswa kufurahi. Mtu mwenye moyo mweupe angefurahi. Mimi niliona kwamba hata zawadi imepitia kwa baba, na kwamba baba ameshaelekezwa huko studio jinsi ya kuzifunga feni zangu. Niliuweka ule mfuko juu ya kabati. Ukakaa huko. Kila nilipopita niliuona unanitazama. Baba naye aliuona. Mara moja tu alinyoosha fimbo akaugusa, kama mtu anayehakikisha kama mnyama amelala.

Kilichonifanya niushushe kilikuwa mvua. Ilinyesha mchana mzima, baba akashindwa kutoka, akakaa sebuleni amejifunika shuka, na nikamwona anafungua mdomo, anaiangalia kompyuta inayolia, anaufunga tena. Hakujaribu hata mara moja. Mtu mzima ameshazoea kwamba nyumba hii haisikii. Nikapanda kwenye kiti, nikautoa mfuko.

Niliweka vipande vya tyubu kwenye pembe, ili mtetemo wa feni usiingie kwenye bati, nikazifunga zile kubwa mbele. Nikakata soksi yangu ndefu ya nailoni nikaitandaza kwenye matundu kuzuia vumbi. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya mashine na kuziambia feni zisikurupuke kila joto likipanda kidogo. Zipande taratibu, zishuke taratibu. Nilipowasha, nilidhani haijawaka. Nikainama, nikaweka kiganja nyuma. Hewa ya uvuguvugu ilikuwa inatoka kama pumzi ya mtu aliyelala.

Nilisikia mvua kwenye bati la nyumba. Nyuma yangu baba akasema, "Heee."

Sasa nilikuwa na kimya changu, na nilikitaka kitu kimoja. Sikungoja hata chai ichemke. Nikavuta kiti changu karibu na chake, nikasema, "Baba, nisimulie siku niliyozaliwa."

Alinitazama kwa mshangao. "Nilishasimulia," akasema. "Muulize mdogo wako. Anayo yote kwenye mashine."

Niliinuka nikaenda jikoni. Nilisimama mbele ya sinki. Nimekata soksi, nimefumua mashine, nimemeza maneno niliyomwambia mdogo wangu, halafu naambiwa nikaombe siku yangu ya kuzaliwa kwa mtu mwingine. Nilimchukia mdogo wangu kwa muda huo, kabisa, kama tunavyochukiana watoto tukigombea ukoko.

Niliporudi, baba alikuwa amesogeza kiti mpaka mbele ya skrini. Video ya harusi ilikuwa inacheza bila sauti. "Huyu bibi harusi," akanong'ona, "ni wa nani?"

"Wa kule Kakese," nikasema, bado nimenuna. "Baba yake analima mpunga."

"Hamtaki huyu bwana."

"Anamtaka. Amelia kwa furaha."

"Angalia mguu." Akaonyesha. Kweli, bibi harusi alikuwa amekaa amegeuza miguu yote upande wa mlango. "Mama yako alikaa hivyo hivyo. Nilimwona. Nikasema moyoni, huyu akipata nafasi atakimbia."

"Mama alitaka kukimbia?"

"Viatu vilimbana," baba akasema, akacheka ule mcheko wake mpya usio na sauti, mabega yanatikisika. "Nilikuja kujua baadaye. Ila usiku ule sikulala nimeulinda mlango."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mvua ilipokatika hakutoka. Kesho yake alikunywa uji akasogeza kiti chake mbele ya skrini mwenyewe. Alikuwa mkosoaji mkali wa harusi za watu. Huyu mjomba ana deni la maneno, ona anavyoishika maikrofoni. Yule shangazi ndiye mwenye nyumba, wengine wanaigiza. Kutoka kwa shangazi za watu anahamia kwa shangazi zetu, kutoka kwa ng'ombe wa mahari ya Wasukuma anahamia kwa mahari aliyotoa yeye. Ilikuwa haina mwanzo wala mwisho. Na siku moja, tukiwa tunaangalia ngoma yenye ng'ombe nyuma ya wachezaji, akasema ghafla, "Yule ndama alinivuta mpaka nikaanguka." Nikaacha kukata video. Akaisimulia yote, vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, akiwa ameongeza kitu ambacho pale mlangoni sikukisikia: kwamba mama alipotoka nami kifuani, alimkuta amelowa, amejaa matope, akamwambia, "Mimi nimezaa, mbona wewe ndiye umechoka?"

Sikurekodi. Maikrofoni ilikuwa kwenye droo.

Ikapita kama wiki, mdogo wangu akaja. Alisimama mlangoni bila kuingia, akiisikiliza nyumba. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akaweka mkono nyuma, akainama kuangalia ile soksi.

"Umeweza," akasema.

"Nimeweza. Asante kwa feni."

"Ile ya juu umeitoa?"

"Ilikuwa inaiba hewa."

Akatikisa kichwa, akakubali. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti, shuka mabegani. Mdogo wangu alimtazama, kisha akashusha sauti. "Dada, siku hizi haji kwangu."

"Mvua," nikasema.

"Jana hapakuwa na mvua." Akamvuta baba shuka juu kidogo. "Huwa anakuambia nini?"

"Tunaangalia harusi."

"Harusi tu?"

Nikamwambia kuhusu viatu vya mama. Nikamwambia na lile neno la mama siku niliyozaliwa. Uso wake ulibadilika kidogo tu, karibu na mdomo. Mtu mwingine asingeona, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeubeba uso kama huo kwa wiki kadhaa, nikiuosha kila asubuhi. "Hilo hakunisimulia," akasema. "Umelirekodi?"

"Hapana."

"Dada!" Baba akajigeuza kwenye kiti, mdogo wangu akashusha sauti. "Hukurekodi?"

Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimengojea saa hiyo tangu siku ya dawa, na nilifurahi kweli, kwa muda wa kumimina chai. Kisha nikamwona anakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya baba, mikono magotini, anangoja aamke, na nikakumbuka kwamba yeye mama alimwacha akiwa bado shuleni. Nikampa kikombe. Nikamwongezea sukari kama anavyopenda.

Baba alipomaliza kliniki alirudi Mwese. Gari lilimpandisha mpaka lilipoweza, kipande cha mwisho akapakiwa kwenye pikipiki, polepole. Mdogo wangu amenitumia rekodi zake zote. Nimezisikiliza, ni safi, na bado kuna moja au mbili ambazo nikizisikia naumia kwamba alisimuliwa yeye. Yeye naye kila tukikutana ananirudisha kwenye mambo ya harusi, "Na siku ile alisemaje kuhusu shangazi?" nami namwambia kwa vipande, si yote kwa mpigo.

Jumapili tunampigia baba simu pamoja, kwangu sebuleni. Mtandao wa kule milimani ni wa kubahatisha, na mnong'ono wake haufiki vizuri. Tunaweka simu katikati ya meza, sauti imepandishwa mpaka mwisho, vichwa vyetu viwili vimegusana juu yake. Mdogo wangu husema, "Ngoja, ngoja, amesema nini?" nami humwambia anyamaze, kwa sababu nami sijasikia.